Choki Nusu

Saa kumi na moja na robo, Malindi bado ina usingizi,
mapande ya barafu yashashushwa mlangoni pangu,
yamefunikwa magunia, yanatoka jasho,
na injini ya kusagia inakohoa.

Haifi, haiishi.
Inapanda, inashuka, inapanda,
kama mtu aliyefungua kinywa kusema neno
kisha akameza mate.
Nikivuta choki nusu, inatulia.
Nikiirudisha, inazima,
na meno ya mashine yanabaki yameuma kipande
yasikitafune.

Wachuuzi wa kolekole wamepanga ndoo,
na kila mwenye ndoo leo ni fundi.
Kitsao wa bodaboda: "Plagi hiyo, Mama Dama."
Nikaifungua plagi. Nyeupe, kama mfupa wa jana.
Nyeusi imevimbiwa, nyeupe ina njaa, hilo nalijua.
Hii ilikuwa na njaa.
Muuza mahamri, akipepea makaa:
"Petroli za siku hizi ni maji matupu."
Nikamimina kidogo katika chupa ya soda,
nikaiinua penye taa, nikangoja maji yajitenge chini.
Hayakujitenga.
Mwingine, simtaji, akasema nimerogwa.
Nikamuuliza ni mchawi gani
aendaye usiku na spana ya kumi.

Thoya, alipokuwa hai, hakuniacha niiguse.
"Wewe pokea pesa," aliniambia.
Nikazipokea miaka tisa, nimempa mgongo,
noti mkononi, masikio kwenye injini.

Basi nikafungua kabureta.
Dama ameshika tochi ya simu, sare ya shule tayari mwilini,
anapiga miayo, mwanga unayumba.
Chumvi ya hewa yetu imeota humo ndani, unga mweupe;
imekula hata bati la jirani, itaionea haya jeti?
Tundu lake ni jembamba kuliko tundu la kofia ya vito.
Nikachomoa unywele mmoja wa waya wa breki,
nikazibua, nikapuliza, nikatema petroli,
nikafunga, nikavuta kamba.

Inapanda, inashuka, inapanda.

Hapo nilikaa juu ya debe.
Barafu ilikuwa ikitiririka mtaroni,
shilingi kwa shilingi, bila kelele,
na Kitsao akanyamaza, jambo ambalo ni nadra.

"Pancha ya baiskeli," akasema Dama,
"si tunaitafuta kwa povu?"
Nikataka kumwambia baiskeli si injini.
Sikumwambia.
Injini yenye njaa aliyeshiba mwenzake ni nani?
Choki inafunga mlango wa hewa, nayo inatulia.
Basi kuna hewa inayoingia bila hodi.

Nikaiwasha, choki nusu.
Nikachovya kidole katika maji ya sabuni,
nikapaka pale kabureta inapokumbatiana na injini.
Pancha hutema povu. Hii ililimeza.
Likapotea taratibu, upande wa chini,
mahali ambapo jicho halifiki, na sauti ikabadilika.

Gasketi. Karatasi tu, imepasuka kama mdomo wa kiangazi.
Duka la vipuri hufunguliwa saa tatu;
saa tatu barafu itakuwa dimbwi.
Dama akaingiza mkono mkobani,
akachana jalada la nyuma la daftari la hesabu,
akanipa bila kuniangalia.
Nikalibana, nikagonga kingo kwa nyundo ndogo
hadi chuma kikajichora chenyewe,
nikakata kwa wembe, nikalipaka oili.

Mvuto wa kwanza, kimya.
Wa pili ikashika.
Nikairudisha choki pole pole, kama anayetoka
chumba cha mtoto aliyelala,
na injini ikaendelea, neno moja, refu, lisilokatika.

Barafu ikaruka nyeupe, ikamjaa Dama nyweleni.
Ndoo zikaanza kusukumana.
"Saba mara nane?" nikamuuliza kwa sauti juu ya kelele.
Akacheka, akaonyesha kidole:
"Umeikata, mama. Iko humo ndani."