Tundu Ziwani

Video ilifika saa tisa za usiku,
kifurushi changu kikaisha kabla ya kicheko chake.
Tuliiona nusu asubuhi, nusu jioni,
hapa Nguba, mimi juu ya debe, mama juu ya kreti ya bia.

Cirhuza amesimama ziwani.
Si kando. Si ndani ya mtumbwi. Juu.
Buti zake kubwa kama mikate ya siku ya ubatizo,
na nyuma yake weupe, weupe mpaka dunia inapokoma,
na gari, "Mama, ona, gari!",
gari zima limeegeshwa juu ya maji.

Mama akasema: Mwambie ashuke.
Ashukie wapi, mama?
Ashuke tu.

Anatoboa. Ana chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe,
anakiegemea kwa kifua, anazungusha,
barafu inatoka kama unga wa muhogo kwenye mashine ya Kadutu,
halafu maji yanapanda, meusi,
yanachungulia.
Tundu upana wa sahani.
Anapindua ndoo, anaikalia.
Ufito wake haumzidi urefu mwiko wa bugali.
Na kimya. Hakuna wa kupiga kasia naye,
hakuna wa kumwitikia.

Kwetu uvuvi ni watu tisa,
mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu,
karabai zikining'inia juu ya lusenga;
mmoja anatukana, mwingine anageuza tusi kuwa wimbo,
na sambaza wanajaa kwenye mwanga
kama watu kwenye fununu.
Baba alikuwa mtu wa taa. Alijua kuipunguza polepole
mpaka samaki wasogeleane wenyewe.
Hakuhesabu samaki, alihesabu mabeseni,
na la tano aliliomba kwa Mungu kwa jina.

Cirhuza anawahesabu mmoja mmoja,
bapa kama kiganja, tumbo rangi ya papai.
"Ishirini na tano, dada. Wa ishirini na sita ni faini."
Mama aliuliza mara mbili.
Faini ya kupata?
Faini ya kupata.

Halafu kwenye dakika ya nne,
pale picha inapokwama na kujikwamua,
anavua glavu,
anamshika samaki wa kwanza,
anamtemea mate kichwani,
anamrudisha tunduni.

Sikusema kitu.
Ndivyo alivyofanya baba, wenzake walituambia,
kila usiku, wa kwanza, mate, majini.
Na Cirhuza alikuwa bado mgongoni
asubuhi ile mitumbwi iliporudi na watu wanane.
Nani alimfundisha?
Ziwa hili halikutupa hata shati. Lina kina chake,
lina gesi yake huko chini, linashika linachoshika,
wala haligandi ili mtu alitembelee
akatafute.

Mama alirudisha video nyuma kwa kidole chenye magamba.
Akarudisha tena.
"Huyo samaki," akasema, "angemwambia..."
Simu ikazima.

Wiki hii umeme haujakatika hata mara moja, tunaogopa kuusifu.
Friji ya Mama Bashige imeota barafu kuta zote,
sambaza wetu wa Jumanne wameshikana jiwe moja.
Nimetumwa kuvunja vipande, wateja wanangoja barabarani.
Nikachagua mahali. Nikasimamisha kisu,
nikazungusha, nikazungusha,
vidole vikafa, unga mweupe ukanipanda kwenye kiwiko,
hadi kikatokea kitundu, kizibo cha chupa tu.
Nikainama.
Kule ndani macho, madogo, mengi,
yote yakitazama upande mmoja.

Unafanya nini humo? mama akaita kutoka uani.

Navua.

Akakaa kimya, muda wa mtu kumenya kitunguu.
Kisha:
Basi funika. Unamaliza baridi.