Gramu Kumi

Mizani ya ghala haikuwasikia.
Niliwaweka wote watatu kwa pamoja
juu ya bamba linalopokea magunia ya korosho
na mshale ukakaa palepale kwenye sifuri,
kama mtu aliyebishiwa hodi na upepo.

Mama yao alikanyagwa na fuso la wanunuzi
usiku wa mnada wa pili, hapa Tandahimba.
Niliwakuta nyuma ya korosho za daraja la pili,
macho yamefumba,
vichwa vinapapasa titi lisilokuwepo.

Bi Esha Nangumbi, mpika keki, akaniazima mizani yake ya betri.
"Ukiirudisha na manyoya, tutaonana."
Mweusi: mia na arobaini.
Mwenye soksi: mia thelathini na mbili.
Wa mwisho, rangi ya majivu: tisini na nane.
Nikaandika nyuma ya daftari la chama,
kwa kalamu ileile ninayoandikia kilo za watu.
Watu husema naiba kilo.
Waseme.

Tumpe, afisa mifugo, mtoto wa Tukuyu aliyepangiwa mchangani huku,
alikuja na pikipiki, akacheka, kisha akaacha kucheka.
Ya ng'ombe yatawaharisha, alisema. Tafuta ya mbuzi,
tia kiini cha yai, nyweshea bomba lisilo na sindano.
Usimlaze chali kama mtoto wa mtu;
kifudifudi, kama angenyonya mwenyewe.
Kila saa tatu. Ndiyo, na usiku.
Ukimaliza mpanguse chini kwa kitambaa cha vuguvugu,
maana paka hata kukojoa hufundishwa na mama.
Na gramu kumi kwa siku. Pungufu ya hapo, nipigie.

Gramu kumi ni korosho mbili na maganda yake.
Mkulima akizidondosha njiani hageuki nyuma.

Mweusi alipanda. Mwenye soksi alipanda.
Majivu: tisini na nane. Tisini na tisa.
Tisini na saba.

Nikamkumbuka Somoe wangu
akining'inia kwenye kile kisuruali cha zahanati,
miguu inapiga hewa,
na nukta za kadi zikishuka, kijani, kijivu, nyekundu.
Nesi hakuinua uso. "Mama, unamlisha nini?"
Kama vile nilikuwa nimeficha uji kwapani.

Usiku wa nne Majivu alikataa.
Maziwa yakamtoka shavuni, nami nikazidi kusukuma,
sukuma, kwa hofu ile ile ya zamani.
Saa nane nikampigia Tumpe.
"Mguse masikio."
Baridi.
"Basi acha kumlisha! Tumbo la baridi halisagi kitu,
utamzamisha. Mpashe joto kwanza."

Joto kwanza.
Miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kuambiwa
neno lenye mpangilio kama hilo.

Nilichemsha maji, nikajaza chupa, nikaiviringisha kanga.
Somoe akaamka, nywele zimesimama upande mmoja,
akamtia paka ndani ya fulana yake ya shule.
"Nenda kalale, mama. Unanuka usingizi."
Alikaa hivyo hadi adhana ya alfajiri,
na kulipopambazuka kile kidomo kikauma bomba
kwa meno ambayo hayajaota.

Mia na moja. Mia na kumi na mbili.

Sasa wanakula dagaa wasio na chumvi, waliotwangwa,
mara nne kwa siku, matumbo ya mviringo
lakini si ya ngoma; ya ngoma ni minyoo, kasema Tumpe.
Wameng'ata kandambili zangu zote mbili.
Majivu bado mdogo kuliko wenzake. Jana: mia sita na tano.
Bi Esha ameikuta mizani ina manyoya, kanidai mayai sita.

Somoe ameunganisha nukta zote za daftari kwa rula,
mstari unapanda kama njia ya Newala.
"Mama, ona alivyozama hapa, halafu ona hapa!"

Nimeona.
Kadi yake ipo sandukuni, chini ya vitenge.
Sijamwonyesha bado.