Kipimo cha Bega

Karani Mghanga alikuja Jumamosi, saa nane,
vumbi la saruji ya Kilindini bado begani,
na akiba ya miezi kumi na minne
imekunjwa ndani ya bahasha ya bandari.
"Nataka bunduki," akasema, "ya kulungu,"
kana kwamba baba alikuwa akiuza za kuku.

Duka letu la Makadara lilinuka mafuta na pamba chakavu.
Mimi nilikuwa sakafuni, miaka kumi na miwili,
nikipitisha ufito wa shaba ndani ya mtutu wa mtu,
kitambaa kikitoka cheusi, kisha kijivu,
mpaka kitoke kama kanzu ya Ijumaa.

Macho ya karani yalikwenda palepale
yaendapo macho ya wote: kabati la kioo,
ile yenye simba wa fedha ubavuni,
kitako king'aacho kama kiatu cha bwana harusi.
Baba akamwacha aishike. Akamwacha aipende.
Halafu: "Huko kwenu Sagalla, hupanda matuta mangapi
kabla hujamwona mnyama?"
"Matatu."
"Basi ishike hivyohivyo mpaka nimalize chai."

Alikunywa polepole, baba yangu.
Kikombe cha pili akakitia tangawizi.
Jasho la karani likaanza kumdondokea simba.

"Kulungu hafukuzwi," alisema, akimpokonya lile pambo,
"kulungu huombwa. Unamwendea upepo ukiwa usoni,
unakanyaga kwa ukingo wa wayo,
na kila ulichobeba kinakusengenya:
mkanda unaogonga, chuma kinachomeremeta,
kizuizi kinacholia ta! kama mjusi dirishani."

Akashusha ya rafu ya juu, nyeusi, ya milimita saba,
kitako cha mjozi chenye kovu la jino la panya.
Akaielekeza mlangoni, nami nikachungulia:
michirizo ikizunguka kama maji yaingiayo shimoni,
na mwisho wake, duara la mtaa,
baiskeli, pindo la buibui, baiskeli.

"Fumba macho. Inua. Sasa fumbua.
Ncha ya mtutu ikiwa pale jicho linapoamkia, ni yako.
Ukiitafuta, ni ya mtu mwingine."
Aliitafuta.
Baba akachukua randa, akapunguza kitako
kwa unene wa ukucha. Akaitafuta tena.
Randa tena.
Mara ya tatu karani hakusema neno,
akabaki ameielekeza kalenda ya ukutani,
tarehe kumi na tisa, hapumui.

"Sasa kilimi. Kilimi kizuri hakitambai.
Kinakataa, kinakataa, kisha kinakubali mara moja."
Tak. Kavu. Hata paka hakugeuka.

"Chumvi ya Mombasa haina adabu,
huingia hata ndani ya saa iliyofungwa.
Mafuta kila usiku, hata usiku usiotaka.
Na ukimjeruhi, mfuate mpaka umkute.
Hilo halimo katika bei."

Mwaka uliofuata redio ikatangaza
kwamba uwindaji umepigwa marufuku.
Karani alirudi na bunduki ndani ya kikoi.
Ameinua mara nne, alisema, kufyatua mara moja.
Baba hakuuliza zaidi. Alipitisha kitambaa,
kikatoka cheupe, akakikunja, akakitia mfukoni mwake.
Tukaanza kutengeneza cherehani.

Mimi sijapiga risasi hata moja.
Ila nilipoletewa mchumba mwenye saa ya dhahabu
nilimkalisha na sinia la maji mkononi
mpaka nikamaliza kusuka.
Niliyeolewa naye ana kovu.

Na jana, Marikiti, mbele ya mwuza vyungu,
nimesimama nimefumba macho, sufuria kifuani,
kijana akacheka: "Mama, unaomba dua?"
Ngoja, nikamwambia.
Sijafumbua.