Hesabu ya Kibiriti

Andika kwanza dola mia na ishirini za daktari,
kisha kumi za pikipiki iliyomtoa njia ya Kipushi
ikamsubiri getini, injini ikiwaka bure.
Andika sindano ya usingizi, sindano ya pepopunda,
kamba mpya mita sita, ya zamani aliitafuna,
sabuni, ndoo mbili, na dawa ya inzi, ingawa ni Juni
na baridi ya Lubumbashi imeshawafukuza inzi.

Bwana Lukonde alisoma orodha kwa kidole
kama anavyosoma risiti za unga wake wa mahindi.
"Na hii ndoo ya pili ni ya nini?"
Ya pili ni ya kile kilichotoka, Bwana.
Akanyamaza. Akatia sahihi.

Kibiriti alikuwa na miaka miwili na miezi saba.
Alishavunja ubao wa mlango mara tatu,
kidole changu mara moja,
na majike wakipita alilia hadi dirisha likatetemeka.
Sasa kichwa chini, mdomo umelegea,
kama shemasi aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe.

Daktari Mwilambwe aliosha mikono, akaniambia mimi, si Bwana:
"Kidonda hatukishoni.
Kiache wazi, kiseme kinachotaka kusema.
Damu ikidondoka, hesabu matone.
Yakihesabika, lala.
Yasipohesabika, nipigie, hata saa nane ya usiku."

Nilihesabu hadi mia nne na kumi na mbili.
Yakahesabika.
Sikulala.

Kesho yake tukaanza kutembea,
nusu saa asubuhi, nusu saa jioni,
kuzunguka kichuguu kikubwa nyuma ya zizi.
Farasi akisimama, uvimbe hushuka ukakaa.
Hakutaka. Alitembea miguu ya nyuma mbalimbali
kama aliyevaa suruali ya kuazima.
Nilimvuta, nikamwomba, nikamtukana kwa Kiluba,
nikamwomba tena.
Maji ya bomba hutoka saa tisa za usiku, yakipenda kutoka,
basi saa tisa nilikuwa pale na mpira,
namwagia baridi juu ya baridi,
yeye anatetemeka, mimi natetemeka,
hakuna aliyemsamehe mwenzake.

Na kila alfajiri, kipimajoto.
Siku ya tano: thelathini na nane na nusu.
Nikaandika kwa herufi kubwa: MZIMA.

Siku hiyohiyo, Katuba, Mwadi wangu hakula.
Kipaji cha uso kama jiwe la jikoni.
Nilirudi zizini, nikatia kipimajoto mfukoni,
nikakisugua kwa sabuni mara tatu, kwa pombe kali ya jirani,
mke wangu akitazama pembeni, asiulize kimetoka wapi.
Chini ya kwapa.
Tukangoja.

Thelathini na nane na nusu.

Namba ileile.
Kwa farasi ni afya, kwa mtoto ni homa.
Niliitazama muda mrefu kwa mwanga wa simu
kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua ya mwingine.

Dawa ya Mwadi, dola sita. Nilikopa.
Kwenye daftari hakuna mahali pake.

Siku ya kumi na nne kidonda kilifunga.
Daktari akasema kwa simu: majike bado, ngoja mwezi na zaidi,
ujana umekatwa, lakini mwilini bado kuna akiba.
Bwana Lukonde akataka jumla.
Mia na sabini, nikasema.
"Ghali," akasema, akampiga Kibiriti kofi la upendo shingoni,
akaondoka na gari lake.

Jumamosi nilimleta Mwadi, amekonda, anacheka.
Kibiriti aliinamisha kichwa chote
hadi pua yake ikajaa viganja vya mtoto.
Mimi pia ananipa shavu siku hizi.
Lakini nikiinua ndoo,
hata yenye maji ya kunywa,
sikio moja linageuka nyuma
na linabaki huko.