Herufi Kumi na Moja

Jumatano usiku, dukani kwangu Kirinyaga Road,
akaingia mweka hazina wa Kaloleni Chui
na gunia la jezi kumi na nane
na kikaratasi: HAKI KWA WOTE.
"Kifuani," akasema, "chini ya jina la mdhamini.
Ndogo kidogo, Wambeti. Wale wa kubashiri
ndio wenye kifua."

Pesa?
"Wiki ijayo."
Wiki ijayo yao ilianza kabla ya Pasaka.

Nikakata vinaili nyeupe.
Herufi kumi na moja kwa jezi, kama wachezaji;
nililiona hilo nikacheka peke yangu.
Bamba la mashine yangu ni sentimita thelathini na nane.
Maneno yao, hata uyabane, ni arobaini.
H ikaning'inia ukingoni,
nusu motoni, nusu nje,
kama mtu wa nne kwenye kiti cha watatu.
Fundi mwema angebonyeza mara mbili.
Lakini tokeni zilibaki yuniti sita,
kile kidude ukutani kikaanza kulia tii, tii,
na mimi pia nina kodi.

Jumamosi nikaenda Toyoyo.
Nililipa mia mbili langoni, hakuna aliyenijua.
Wakatoka, wakajipanga katikati,
mkono kifuani, dakika moja ya kimya,
mpiga picha kalala kwenye nyasi.
Mwenyekiti wa klabu akasimama jukwaani,
akapangusa jicho lililokuwa kavu.

Muuza njugu akaniinamia:
"Namba nne yule, Muthama, unamwona?
Miezi mitano hawajalipwa.
Mwenye nyumba wake kule Umoja amebeba mlango.
Si kufunga, mama. Kubeba.
Usiku wanaegemeza meza."
Nikamtazama namba nne.
Kiganja chake kilifunika yote
isipokuwa WOTE.

Mvua ikaja kipindi cha pili,
ile ya Nairobi isiyobisha hodi.
H ya kipa ndiyo iliyoanza kudondoka.
Ya mshambuliaji ikaondoka na beki wa wageni,
imemganda kwenye kiwiko.
Kufikia dakika ya sabini
timu nzima ilikuwa imeandikwa
AKI KWA WOTE.

Sijui nani alianza. Vijana wa ukutani, nadhani.
Aki!
Aki jamani!
Aki lipeni watu!
Uwanja ukadaka, hata mashabiki wa wageni,
lile neno letu dogo la kuapa na kubembeleza,
tunalomwambia askari wa kanjo akishika beseni la nyanya,
tunalomwambia daktari, tunalomwambia Mungu foleni ikiwa ndefu,
likawa kubwa kuliko lile lililolipiwa.
Nimekosea. Hata lile halikulipiwa.

Mwenyekiti aliondoka kabla ya kipenga,
mwavuli wa mdhamini juu yake.
Chui walifungwa mbili bila, nisidanganye.

Jumatatu mweka hazina alikuwa mlangoni.
"Umetuaibisha. Rudisha H."
Pesa?
Akatazama simu yake kama inayolia.
"Wiki ijayo."

Jioni akaja Muthama mwenyewe, anachechemea,
H moja mkononi, ina tope la Toyoyo.
"Hii ni yako, mama. Niliikanyaga wakati wa kona."
Nikamuuliza habari za mlango.
Akasema umerudi, bila kitasa.
Shemeji yake alichanga.
Klabu? Akainua mabega.
Hakukaa; alikuwa na zamu ya ulinzi Industrial Area,
saa moja hadi saa moja, na kesho mazoezi.

Nikaiosha herufi kwa sabuni ya kipande.
Nikafungua daftari la madeni, ukurasa wa Chui,
nikailaza chini ya tarehe,
safari hii katikati kabisa ya bamba.
Sekunde kumi na tano.
Karatasi iliungua kidogo pembeni.
Nimeikwaruza kwa ukucha mara mbili. Imeshika.