Na Wenzake

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga taipu zile lebo.
Ghorofa ya tatu, River Road, mlango wa kijani,
chini yetu mafundi cherehani, juu yetu njiwa.
Santuri ni duara, na duara lina tundu katikati,
nafasi inayobaki ni upana wa vidole viwili:
jina la wimbo, jina la mwimbaji, namba.
Kisha bosi akasema, malizia "na wenzake," yatosha.
Nikamalizia. Mara elfu ngapi, sijui.
Wenzake.
Kana kwamba walikuja kumshikia koti.

Mmoja wa wenzake alikuwa Ainea Mulusa,
mchana mpiga rangi wa magari kule Grogan,
kucha zake zina buluu ya gari la mtu mwingine.
Alifika jioni, akavua viatu
ili mguu wake ukipiga mapigo maikrofoni isiusikie.
"Dada Dorka, niazime penseli."
Nikadhani ana neno la kuandika.
Akailaza shingoni mwa gitaa, akaifunga
kwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
na nyuzi zikapanda, kama mtoto aliyebebwa begani
ghafla akaiona harusi.

Madirishani tulitundika mablanketi, kuzuia honi na wahubiri.
Mwimbaji aliimba mke kaondoka.
Kaondoka, sawa,
lakini ni gitaa la Ainea lililomfuata hadi stendi,
likambebea mzigo, likamkumbusha sufuria iliyo motoni,
likamwacha aende,
likarudi peke yake likipiga kokoto teke njia nzima.
Vidole vyangu vilisimama juu ya taipureta.
Bosi alinikata senti hamsini.

Ainea alilipwa shilingi arobaini, chai, na andazi.
Penseli alinirudishia. Ilikuwa na alama sita,
pale nyuzi zilipoung'ata mti.

Walikuwapo wengine.
Kilundo Mwangangi, ambaye kidole chake kimoja
kilibaki kwenye mashine ya kiwanda cha mabati,
akabuni upigaji wa vilivyosalia,
na wenye vidole vyote wakashindwa kumwiga.
Odera Nyakwaka aliyetuna gitaa kwa king'ora cha karakana ya reli,
siku ya mgomo akakosa pa kuanzia.
Na kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka,
alikuja mara moja tu, akapiga upande wa pili wa santuri,
akashuka ngazi, akasahau kofia.
Sikumuuliza jina. Hilo ndilo huniamsha usiku.

Juzi nilimpeleka mjukuu kwa kinyozi, hapa Kaloleni.
Redio ikaleta wimbo ule wa mke.
"Huyu mzee alikuwa na sauti!" kinyozi akasema.
Nikamwambia, zima hiyo mashine yako.
Sikiliza nyuma ya sauti.
Akazima. Mjukuu nusu kichwa kimenyolewa, nusu kinasubiri,
wateja kwenye benchi wananitazama,
na Ainea akapita mule ndani bila viatu.
"Ni nani huyo?"
Nikamtajia. Akarudia: "Mulusha."
Nikamsahihisha mbele ya watu wote, mara mbili.

Chini ya kitanda nina santuri thelathini na moja.
Karatasi ya lebo hukubali penseli ukiandika pole pole.
Naongeza, kwa herufi ndogo, kuzunguka tundu:
solo, fulani; ridhimu, fulani; besi, fulani.
Ncha ikiisha naichonga,
na kila nikichonga, alama moja hukaribia wembe.
Zilikuwa sita. Zimebaki tatu.
Mjukuu ananiambia, bibi, si utumie kalamu?
Kalamu ipi hiyo iliyowahi kulala shingoni mwa gitaa?

Santuri ya kijana yule niliiweka mwisho.
Nimeishika jioni nzima, taa ya umeme ikaja ikakatika.
Mwishowe nimeandika ninachokijua:
mwenye kofia ya kahawia, gitaa.