Nakala ya Ishirini

Mzee Pyo hukodisha vitabu nyuma ya soko la Hanyang.
Asiye na fedha huweka rehani. Mke wa karani huacha pini ya nywele,
mjakazi huacha bakuli la shaba lenye ukoko wa wali,
na juzi kuna aliyeacha kiatu kimoja,
akaenda zake akichechemea, juzuu ya tatu kifuani.

Mimi ndimi mkono. Karatasi huniletea alfajiri, kwa mlango wa jikoni,
nami hunakili kwa herufi wanazoziita za kike,
herufi ambazo wanaume wa kofia za singa huziona takataka
na huzisoma usiku, kwa siri, wakilia.
Kona ya chini naiacha tupu: pa kidole gumba,
pa mate ya wasomaji.

Kitabu chenyewe unakijua hata kama hujakisoma.
Binti Maeng anavaa deraya ya kaka yake aliyekufa,
anavunja ngome nne, anapewa muhuri wa jemadari,
halafu anaugua, tabibu anamshika mshipa, siri inamwagika
kama mchele kwenye gunia lililotobolewa na panya.
Mfalme anacheka. Anamwoza kwa luteni wake mwenyewe,
yule aliyekuwa akimshikia farasi.
Ukurasa wa mwisho anampelekea mumewe supu
kwa mikono miwili, macho chini.

Mara kumi na tisa nimeibeba supu ile.
Mara kumi na tisa, neno kwa neno, sikumwaga tone.

Ya ishirini ilikuwa mwezi wa barafu.
Wino uliganda, nikaupasha joto kwapani.
Doksu mwanangu, ana miaka tisa, aliingia
akanyoosha mguu nimvue kiatu,
akaniamrisha kwa sauti ya marehemu baba yake, ile ile,
sijui aliiokota wapi.
Nikamvua. Nikarudi mezani.
Brashi ikaikataa supu.

Sikuandika makubwa. Mume sikumuua.
Niliandika: Luteni akaita. Supu ikapoa.
Binti Maeng alikuwa uani akiipaka deraya mafuta,
na muhuri ulikuwa kiunoni mwake, chini ya sketi,
ukimgonga paja kila alipoinama.

Kitabu kilirudi baada ya siku arobaini, kimelegea uzi.
Pembeni mmoja kaandika: Mwongo mkubwa huyu.
Chini yake mkono mwingine, wa kutetemeka: Mwacheni.
Wa tatu: Muhuri wa jemadari una uzito gani? Nani anajua?
Kisha doa la maharage, na unywele mmoja mweupe
umebanwa kati ya kurasa,
labda kwa bahati mbaya.

Mzee Pyo alikuja amekunja uso.
"Umeharibu kitabu," alisema. "Wanakikodi mara tatu tatu.
Haribu na hiki."

Nikamwomba kitu kimoja: jina langu, ukurasa wa nyuma.
"Jina gani?" akauliza, na hakuwa akinikejeli.
Kwenye daftari la kodi mimi ni mjane wa Ok.
Kisimani ni mama Doksu. Kwa Pyo ni wewe.
Lakini nilizaliwa binti wa tano, na baba,
kachoka kungoja mwana, aliniita Kutnyo:
Mwisho. Yaani basi, wakome, mlango ufungwe.
Halikuwa jina hata kidogo,
lilikuwa amri kwa tumbo la mama.

Sasa kila nakala nikiikamilisha
naacha nafasi ya vidole viwili,
nachovya brashi, na kwa wino mzito kuliko wa hadithi
naandika:

Mwisho.

Mzee Pyo hupitisha jicho, huona kazi imetimia,
hulipa, huondoka.
Doksu ananiita kutoka chumbani.
Supu iko jikoni. Anajua ilipo.